Nasaba za Utemi na Mafungu ya Mabinti

Hapa Bunda, mji ulio kwenye njia kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, mtu akitaka kuwafurahisha wazee wa Kiikizu na awaulize habari za utemi wao. Watamhesabia mtemi baada ya mtemi, nani alimpokea nani, na nani alikuwa mtoto wa nani, wala hawatakosea jina. Kisha awaulize wazee hao hao, wakiwamo wanaosali safu ya kwanza, marehemu baba yao aliacha mabinti wangapi, na kila binti alipata nini katika shamba lake. Hapo hesabu hukatika. Mmoja atakohoa, wa pili ataagiza maji ya kunywa. Jambo hilo ndilo nililokusudia kulisema leo, tena waziwazi, kwa sababu limekwisha kuwa ada, na dhulma ikiisha kuwa ada watu huidhani ni dini.

Wasomaji wa Tanga, Unguja, Mombasa na Lamu huenda wakauliza utemi wa watu wa bara unawahusu nini. Nawaomba wasubiri. Zamu yao yaja.

Masimulizi ya asili ya utemi wa Ikizu ni mashuhuri katika nchi hii. Yasema kwamba alitoka mwanamke aitwaye Nyakinywa katika nchi ya Kanadi, upande wa Usukuma, akaja mpaka sehemu za mlima Chamuriho. Huko akakutana na mwanamume aitwaye Isamongo, mwenye ufundi wa moto, naye Nyakinywa alikuwa na ufundi wa mvua. Wakashindana. Mvua ikauzima moto, wakapatana, na utawala ukawa wa mwanamke. Baada yake wakafuata watemi wanawake, mpaka baadaye cheo kikahamia kwa wanaume. Walipokuja Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliwafanya watemi kuwa vyombo vyao vya kukusanyia kodi. Mtemi Makongoro, ambaye jina lake lingali midomoni mwa watu, ni wa zama hizo za Waingereza.

Kwamba binadamu anaweza kuteremsha mvua, hilo silikubali, wala hakuna Mwislamu awezaye kulikubali. Mvua ni ya Mola peke yake. Lakini sikuja kubishana na wazee juu ya hadithi yao. Nimekuja kulishika neno lao, kwani hoja humkata mtu zaidi ikitoka kinywani mwake mwenyewe.

Neno lao ni hili: mwenye kuanzisha cheo chao alikuwa mwanamke, tena mgeni. Hakuzaliwa Ikizu, wala baba yake hakuwa na kaburi hapa. Na watemi wote wanaojivunia leo wanaupata utukufu wao kwa kuunganishwa naye. Sasa basi, huwaje kizazi cha watu hawa kikae katika kikao cha ukoo, siku ya arobaini ya marehemu, kikatoa hukumu kwamba binti hapewi shamba kwa kuwa yeye ni wa kuolewa, na akipewa ataipeleka ardhi kwa watu wengine? Kama mwanamke aliyetoka kwa watu wengine alistahili kupewa nchi nzima, huyu aliyezaliwa katika nyumba hii, akachota maji ya nyumba hii, akamwuguza baba yake mpaka pumzi ya mwisho, hastahili hata eka mbili?

Watasema: mila ndiyo isemayo. Mila ipi? Ile iliyompa Nyakinywa kigoda, au hii inayomnyima mjukuu wake jembe? Hawawezi kuzishika zote mbili. Nionavyo mimi, wanaishika ile ya kwanza siku ya sherehe, kwa kuwa haiwagharimu kitu, na hii ya pili huishika siku ya kugawa.

Tena kuna la ng'ombe. Katika mkoa huu wa Mara binti huolewa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao huingia zizini kwa baba. Kaka yake akifikia kuoa, ng'ombe wale wale ndio wanaotoka. Basi kaka ameoa kwa mahari ya dada yake, ametandika kitanda chake juu ya mgongo wa dada yake, na baba akifa kaka huyo ndiye wa kwanza kusema kwamba dada hana fungu. Sheria yetu imesema mahari ni ya mke mwenyewe, si ya baba wala ya ndugu. Kwa hiyo binti huyu amekwisha kunyang'anywa mara moja kabla hajanyang'anywa mara ya pili.

Na wapo katika makabila ya mkoa huu wanawake ambao Mungu hakuwajaalia mtoto wa kiume, na ambao wanajua vyema kwamba bila ya mtoto wa kiume mali yao itatwaliwa na ndugu za mume. Wanafanya nini? Humtolea mahari msichana, wakamweka nyumbani awazalie mrithi kwa mwanamume mwingine. Desturi hii huitwa nyumba ntobu. Twaikataza, kwa kuwa mtoto anayezaliwa hivyo huwa amekatwa na nasaba ya baba yake, na msichana aliyeletwa hana mume. Lakini mwenye kukataza na atazame pia sababu. Sababu ni ile ile: mama yule huenda anao mabinti watatu wazima na kizazi chao, na ukoo unawaona kama hawapo. Angepewa haki yake na mabinti zake wakapewa yao, asingekuwa na haja ya kununua mrithi.

Sasa turudi kwenye cheo chenyewe, maana hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. Katika Sheria ya Kiislamu mirathi ni ya mali, na ya haki zinazofuatana na mali. Cheo si mali. Hakuna mahali katika aya za mirathi zilizo katika Sura ya An-Nisaa palipogawiwa utawala, au uimamu, au usheikh. Kilichogawiwa ni kile alichoacha marehemu baada ya kuzikwa, kulipwa madeni yake na kutekelezwa wasia wake. Watu wetu wamegeuza: cheo wamekifanya mirathi, na mirathi wameifanya cheo cha wanaume.

Mfano hauko mbali na nyumba za wasomaji wetu. Alipofariki Sayyid Said bin Sultan mwaka 1856, mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Mali yake iligawiwa kwa wanawe wote, wanaume mafungu mawili na mabinti fungu moja, na hata binti yake Salme, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alipata fungu lake na shamba lake. Katika mgawanyo huo watu waliijua hukumu, wakaifuata. Utawala ndio uliowagombanisha. Majid alikuwa Unguja, Thuwaini alikuwa Maskati, kila mmoja akidai cha baba yake, mpaka Waingereza wakaingia kati na mwaka 1861 dola ikakatwa vipande viwili. Kisha Agosti 1896 Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la mfalme kwa kudai kwamba cheo ni chake, na manuwari za Kiingereza zikalipiga jumba kwa muda usiofika saa moja, wakafa watu kwa mamia. Katika mali palikuwa na hesabu na kila mtu akajua lake. Katika cheo hapakuwa na hesabu, ndipo mwenye mizinga mikubwa akawa ndiye kadhi.

Wala wazungu wenyewe, ambao wengine wetu huwaona ndio mabingwa wa haki za wanawake, hawakuwa na utaratibu bora. Huko Scotland kuna cheo cha kikabaila cha kale mno, cha Earl wa Sutherland. Mwaka 1766 mwenye cheo alikufa akaacha binti mmoja aliyekuwa angali mchanga, jina lake Elizabeth. Wanaume wa ukoo wakasimama kukidai, wakisema haikupasa kiende kwa mwanamke. Kesi ikafika mpaka Baraza la Malodi mjini London, na mwaka 1771 likaamua kwamba cheo ni cha mtoto yule. Mtu akisikia hivyo atasema, tazama, wale wamempa binti haki yake. Asiharakishe. Bibi huyo alipokua na kuolewa na tajiri wa Kiingereza, ardhi yake kubwa ilisafishwa watu ili wafugwe kondoo. Kuanzia miaka ya 1810 maelfu ya wakulima, wanawake na watoto wao wakiwamo, walitolewa katika mabonde waliyokuwa wakiishi tangu mababu, na nyumba zao zikachomwa. Cheo kilimfikia mwanamke mmoja, na haki haikumfikia hata mmoja wa wale waliolala nje.

Na katika nchi hiyo hiyo ya Scotland, mtu wa kawaida akifa bila ya wasia, ardhi yake yote ilikuwa ya mwanawe wa kiume wa kwanza, wadogo zake wakibaki wakitazama. Mpaka lini? Mpaka sheria ya mwaka 1964. Hata katika cheo kile cha Sutherland, alipokufa mwenye nacho mwaka 1963, ilibidi kipasuliwe: udyuki, ambao ni wa wanaume tu, ukaenda kwa jamaa wa mbali, na uearl ukaenda kwa binti wa nduguye. Basi tangu binti wa Kiislamu apewe fungu lake kwa aya ya Mwenyezi Mungu mpaka binti wa Scotland alipofikiriwa katika ardhi ya baba yake ilipita miaka zaidi ya 1,300. Nayasema haya si kwa kujisifu. Nayasema kwa kuona haya, kwa sababu sisi tuliotangulia ndio tuliorudi nyuma.

Mwaka ule ule wa 1963 yalitokea kwetu mambo mawili ambayo watu hawayataji pamoja. La kwanza, sheria ya Tanganyika iliufuta utawala wa machifu na watemi. Aliyekuwa akiongoza nchi, Julius Nyerere, alikuwa mwenyewe mtoto wa Mtemi Burito wa Butiama, si mbali na hapa, na nduguye Wanzagi ndiye aliyeupokea utemi huo mwaka 1942. Hivyo hakuondoa cheo cha watu wengine tu. Alikiondoa na cha nyumbani kwao. La pili, katika mwaka huo huo serikali iliandika na kutangaza sheria za mila za mirathi kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Ndani yake warithi waliwekwa madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza daraja la kwanza, watoto wengine wa kiume la pili, na mabinti la tatu, hata wakiwa wakubwa kwa umri. Ardhi ya ukoo binti aliruhusiwa kuitumia, si kuiuza, madhali wanaume wa ukoo wapo. Mjane hakuwa na fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Yaani kigoda cha mtemi kilitiwa stoo, na udhalimu uliokuwa umekaa chini ya kigoda ukapigwa chapa ukawa sheria.

Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya alisimama na bibi mmoja wa Kihaya aliyeachiwa ardhi na baba yake kwa wasia, akaamua kwamba kumzuia asiuze kwa sababu ni mwanamke ni ubaguzi usiokubaliwa na Katiba. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa iliyo juu ya haki za wanawake iliwasikiliza wajane wawili wa Kisukuma wa upande wa Shinyanga, walionyimwa mali za waume zao kwa sheria hizo za mila, ikasema wamedhulumiwa. Nauliza: masheikh tulikuwa wapi? Jaji na kamati ya New York na Geneva wametutangulia katika kazi ambayo Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina.

Kwani kisa ni mashuhuri. Sa'd bin Rabii aliuawa shahidi katika vita vya Uhud, akaacha mke na mabinti wawili. Ndugu yake akaja akazoa mali yote, kama wafanyavyo ndugu za marehemu mpaka leo. Mjane yule akawachukua mabinti zake akaenda nao kwa Mtume kushitaki. Ikateremka hukumu ya mirathi, na Mtume akamwita yule ndugu, akamwamuru awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumni, na kinachobaki ndicho chake. Angalieni: hakuambiwa awatunze, wala hakuambiwa awaonee huruma. Aliambiwa awape chao.

Na hapa kwetu wako Waislamu, tena wengine wana kofia zilizotariziwa na tasbihi ndefu, ambao baba akifa hugeuka kabila. Mahakama zetu, anapokufa Mwafrika Mwislamu, hutazama namna alivyoishi na alivyokusudia, ndipo zijue mirathi yake iendeshwe kwa Sheria ya Kiislamu au kwa mila. Basi ndugu hawa huingia mahakamani wakaapa kwamba baba yao alikuwa Mwislamu wa jina tu, kwamba aliketi na wazee wa ukoo, kwamba alihudhuria matambiko, ilimradi mirathi iende kwa mila na dada zao wakose. Marehemu ameswali miaka hamsini, na wanawe wanamtoa katika Uislamu akiwa kaburini kwa ajili ya shamba la pamba! Kisha Ijumaa inayofuata wanarudi msikitini, nao ni Waislamu tena.

Yafaa watu waone jinsi hesabu yenyewe ilivyo nyepesi. Tuchukue mtu aliyeacha mke, wana wawili wa kiume, mabinti watatu, na shamba la eka 16. Mke ana thumni, nayo ni eka 2. Zimebaki 14. Kila mwana wa kiume huhesabiwa mafungu mawili na kila binti fungu moja, jumla mafungu saba, na kila fungu ni eka 2. Basi kila mwana wa kiume eka 4, kila binti eka 2. Imekwisha, na chai haijapoa. Kwa mila, wale wawili wangechukua zote 16, na wanawake wanne wangeambiwa Mungu yupo.

Kuna wasomi wa siku hizi wanaouliza kwa nini binti apate nusu ya kaka yake. Majibu yapo, na mahali pake pa kuyaeleza papo: mwanamume amebebeshwa nafaka ya mke na watoto, na mahari, na mwanamke hakubebeshwa. Lakini mtu asiyetoa hata hiyo nusu hana ruhusa ya kuitetea nusu. Akae kimya mpaka atoe.

Na sasa zamu ya pwani. Ninyi hamna watemi, lakini mna nasaba. Huyu ni sharifu, yule ni Mshirazi, wa tatu babu yake aliteremka na jahazi kutoka Hadhramaut, na karatasi ya ukoo imetiwa kioo ikatundikwa ukumbini. Vyema. Chini ya karatasi hiyo iko nyumba ya mawe aliyoiacha babu, na ndani wanakaa wajomba, na shangazi wawili wamepanga vyumba kwa watu. Wakiuliza, huambiwa: si mlisamehe? Walisamehe lini? Waliitwa siku ya tatu ya msiba, macho yamevimba, mbele ya wanaume kumi, wakaambiwa, dada, sisi ni wamoja, au wataka nyumba ya baba iuzwe? Wakatikisa kichwa. Kutikisa huko mmekuita hiba. Anayesamehe ni yule aliyekwisha jua fungu lake ni kiasi gani, likawekwa mkononi mwake, naye akalitoa kwa hiari bila ya kuogopa kuambiwa anavunja ukoo. Mengine yote ni kula mali ya ndugu kwa kumwonea haya yeye badala ya kumwonea haya Mola. Na minazi nayo vivyo hivyo. Dada huletewa kapu la madafu Mwezi wa Ramadhani akaambiwa ndilo pato la shamba.

Mnamo Septemba 2021, huko Kisesa katika wilaya ya Magu, njia hii hii ya kuja Bunda, machifu walikusanyika wakamvika Rais Samia Suluhu Hassan uchifu na kumpa jina la Hangaya. Wanaume wa kanda nzima walipiga makofi, na wengi walisema kwamba hilo si geni kwetu, sisi tulitawaliwa na wanawake tangu zamani. Sina neno juu ya sherehe. Nina neno juu ya mikono iliyopiga makofi. Mingi katika hiyo ndiyo iliyotia dole gumba kwenye mihtasari ya vikao vya ukoo vilivyowafuta dada zao.

Wananijia vijana kuniuliza nani hasa mwenye haki ya utemi wa Ikizu leo, nyumba hii au ile, na Uislamu wasemaje. Uislamu hauna fungu la kugawa hapo, kwa kuwa hakuna kilichoachwa cha kupimwa. Shamba lapimika. Ng'ombe wahesabika. Kwa hiyo mtu mwenye akili na aandike sasa, akiwa mzima, mbele ya mashahidi, kwamba yeye ni Mwislamu na kwamba mali yake igawiwe kwa Sheria ya Kiislamu, ili wanawe wasipate mlango wa kwenda kumsemea mahakamani. Wasia usizidi thuluthi, na usiwe wa mrithi. Na ambaye baba yake amekwisha kufa na shamba lingali mikononi mwa wanaume peke yao, muda haukuifuta haki hiyo mbele ya Mungu, hata ukipita miaka 30. Walimu wa kupiga hesabu wapo, hapa Bunda na Musoma pia. Waje na hati za mashamba, na idadi ya mifugo, na majina ya watoto wote, wa kike kwa wa kiume, pamoja na wale walioolewa mbali.